Chakula cha Dirishani

Itigi

Mwanangu Daudi,

Kama umeifikia barua hii, basi umekula, maana nimeiweka chini kabisa ya kikapu, chini ya kuku, chini ya mayai na karanga. Au umekitoa chakula chote ukawagawia majirani zako wa behewa, halafu ukakuta karatasi. Nakujua. Kama umegawa, bakiza japo paja moja kabla hujaendelea kusoma.

Naiandika jua likiwa bado juu. Wewe umekwenda Mkiwa kumuaga shangazi yako, umevaa ndala za baba yako bila kumwomba, naye anazunguka uani peku akinung'unika, ila usoni anaonekana amefurahi. Shati lako la safari liko kwenye kamba hapa mbele yangu. Nimeona niandike sasa kabla hujarudi, kwa sababu ukirudi utaanza mizaha yako, nitacheka, na nitakuacha uondoke bila kukuambia.

Habari za kufua, za kuamkia wakubwa, za kutunza nauli mahali pasipofikiwa na mkono wa mwizi, shangazi yako atakuwa amezimaliza zote. Yule hawezi kujizuia. Mimi nataka kukueleza habari ya shingo yako.

Usikunje uso. Najua hupendi kuisikia. Tangu ukiwa mtoto hufungui kifungo cha juu cha shati, hata mwezi wa kumi jua likiwaka mpaka mbuzi wanagombania kivuli cha tangi la maji la stesheni. Watu wanakusifu kwamba kijana wa mzee wa reli ana heshima, anavaa kama mwalimu. Mimi nanyamaza. Najua unafunika mahali palipokuwa na yale mabaka, ingawa siku hizi hapana kitu, ngozi yako ni nzima kama ya mwenzako yeyote.

Nianzie mbali kidogo, univumilie.

Mimi nilikulia kijijini, Unyaturu, kabla hujajua kuna kitu kinaitwa mama. Nyumbani kwetu tulikula ugali wa uwele, mweusimweusi, na mlenda uliotiwa karanga za kutwanga mpaka ukawa mzito. Siku ng'ombe wakiwa na maziwa bibi yako aliweka samli kidogo pembeni ya sahani, kila mtoto achovye tonge lake. Tulikula kwa mkono, sahani moja, na tukimaliza hatukukimbilia maji. Yale mafuta yaliyobaki vidoleni tulijipaka miguuni. Magoti kwanza, halafu miundi, aliyebakiwa na mengi alijipaka na uso. Bibi yako alitukagua mlangoni kabla hatujaenda kucheza, na mtoto mwenye miguu mikavu aliulizwa, "Wewe hujala?" Hakuuliza kama tumejipaka. Aliuliza kama tumekula. Nimekaa miaka mingi na swali hilo bila kulisikia vizuri.

Sikuwahi kumiliki kopo la mafuta ya kujipaka mpaka nilipoolewa. Na ngozi yangu, baba yako atakuambia mwenyewe ukimkuta ana furaha, ilimfanya asahau kushuka kwenye kiberenge, kile kigari cha reli cha kazini, siku aliyoniona njiani. Anasema aliteremka mbele huko, akarudi kwa miguu. Kwangu ile ngozi ilikuwa kitu cha kuzaliwa nacho, kama pua.

Basi akanileta Itigi, kwenye nyumba hizi za reli, nawe ukazaliwa. Halafu ikaja miaka ya ruksa. Wewe huwezi kukumbuka jinsi maduka yalivyokuwa matupu kabla ya hapo, wala jinsi yalivyojaa ghafla. Kila mtu alikuwa anauza kitu. Treni zilikuwa na watu wa biashara mpaka mlangoni, wanapanda na marobota ya mitumba, wanashuka na magunia, na wote wana njaa. Nikaanza na karanga za kukaanga kwenye vikaratasi. Nikaongeza mayai ya kuchemsha. Nikaongeza asali ya huku kwetu kwenye chupa, halafu kuku wa kienyeji, nawakaanga asubuhi, nawapanga kwenye beseni, nafunika kitambaa cheupe. Treni ikipiga honi pale kona, mimi na wenzangu tunanyanyuka pamoja, kila mtu na beseni lake kichwani, tunakimbilia madirisha.

Nilikuwa hodari, Daudi. Sioni haya kusema. Abiria wa Kigoma na Mwanza walinijua kwa sauti. Mikono ilitoka madirishani na mimi naijaza. Na nilipenda ile kazi, naipenda hata sasa nikizikumbuka siku zile: harufu ya kuku na moshi wa injini, akina mama tunavyotukanana kwa utani kugombania behewa, wewe umekaa juu ya gunia tupu pembeni mwa ghala unanisubiri na miguu yako inaning'inia. Ningeweza kurudishiwa asubuhi moja ya namna ile, ningeichukua, hata na makosa yake.

Maana makosa yalikuwa ndani ya beseni lile lile. Kila kilicho kizuri nilikiweka humo. Karanga zilizokuwa za kutia kwenye mlenda zilikwenda kwenye vikaratasi. Yai likivunjika ndiyo mlile nyie, na nilikuwa mwangalifu, hayakuvunjika. Maziwa niliyauza kwa mwenye hoteli. Uwele niliuacha kabisa, niliuona chakula cha porini, na mashine ya kukoboa ilikuwa imefika, kwa hiyo tukala sembe, nyeupe kama chokaa, na mimi nikijisikia nimekuwa mtu wa mjini. Ugali mweupe na mlenda wa chumvi. Asubuhi chai ya rangi. Wewe uliwahi kuniuliza kwa nini kuku wetu hawaliwi, nikakujibu, "Tukila faida, tutauza nini?" Nilisema nikicheka. Jirani alicheka pia.

Ulipokuwa darasa la pili ndipo ilipoanza. Kwanza migongo ya mikono, ikawa myeusi na mikavu kama iliyounguzwa na jua. Halafu shingo. Baka likazunguka shingo yako yote mahali ambapo kola iliyo wazi haifiki, kama umevalishwa mkufu, na ngozi ikaanza kubanduka. Mdomo ukawa na vidonda pembeni. Tumbo likaharibika mara kwa mara. Na wewe, mtoto wa maneno mengi, ukanyamaza. Shuleni wakakupa jina la Kenge. Uliniambia siku moja tu, hukurudia, na siku ile ile ukafunga kifungo cha juu.

Kila mtu alikuwa na neno lake. Wengine walisema ni sabuni mpya za kunukia, mzio huo. Mama Rehema, uliyemzoea hapa mlango wa pili, alisema kuna mtu ana kijicho na beseni langu na ameona apitie kwa mtoto. Maneno hayo yaliniingia kwa sababu yalinisifu. Nikapanda gari hadi Singida, kwenye duka moja la mtaa wa Utemini lililosifika kwa vipodozi, nikanunua krimu ya kopo zuri, nikakupaka asubuhi na jioni. Ulilala unanukia maua. Nikakukataza na sabuni za kunukia, ukaanza kuoga kwa sabuni ya mche, ya kufulia, na mpaka leo unaogea hiyo. Juzi nilikuona umeitia kwenye begi lako, umeikata vipande, umeifunga kwenye gazeti. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba kwa muda.

Nilikupeleka zahanati, hilo nililifanya. Nesi alikuwa mama mtu mzima, mpole, nikamwamkia, akakushika shingo akakugeuza kwenye mwanga. Halafu akaniuliza mimi, si wewe.

"Nyumbani mtoto anakula nini?"

"Anakula vizuri," nikasema.

"Vizuri vipi?"

"Mayai. Kuku. Karanga. Mimi ndiyo biashara yangu hiyo."

Ulikuwa umesimama katikati yetu. Ulinitazama, Daudi. Uliinua macho ukanitazama, halafu ukaangalia sakafu. Ningewezaje kusema kwamba mwanamke anayelisha treni nzima, mtoto wake hali yai? Niliona haya, na haya yangu niliyathamini kuliko shingo yako. Nesi akakuna kichwa, akasema kama anakula hivyo basi itakuwa kitu kingine, akanipa dawa ya kupaka. Tukarudi nyumbani tumeongeza kopo.

Mwaka ule mvua zikaja kwa nguvu. Wewe hilo unalikumbuka, ulikuwa unalisimulia kwa wenzako. Maji yalisomba tuta la reli huko mbele, baba yako na gengi lao la reli wakachukuliwa kwenda kulijenga upya, na treni zikakoma. Kila siku mtu wa stesheni alituambia huenda ikapita kesho, na sisi kwa tamaa yetu tukaendelea kukaanga. Treni haikuja. Mayai ya kuchemsha hayangoji, kuku wa kukaanga hangoji. Nikavirudisha nyumbani nimenuna, nikakuwekea mbele yako kama ninayekuadhibu. Ule uliacha kuwa msimu wa biashara. Watoto wote wa akina mama wa stesheni walikula vya dirishani mpaka wakachagua, huyu anataka kidari, huyu hataki yai la leo. Karanga zilipoanza kulainika kwa unyevu nikazitwanga nikazitia kwenye mlenda, ili nisizitupe. Sikuwa na wazo lingine lolote kichwani.

Jioni moja mvua imekatika, mmemaliza kula, nikakuona umekaa mlangoni, umekunja kaptura, unajipaka mafuta ya kuku kwenye magoti. Hakuna aliyekufundisha. Ulijipaka taratibu, goti hili na goti lile, halafu miundi. Miguu ikang'aa kwenye mwanga wa mlango. Nikaona kwetu, nikamwona bibi yako amesimama pale akitukagua. Na ulikuwa unaongea. Ulikuwa unapiga porojo na Rehema kuhusu chura, na ndipo nilipojua ni muda mrefu sikuwa nimeisikia sauti yako.

Shingo ikaanza kupona. Ngozi ya zamani ilibanduka, chini yake ikatoka nyingine, laini. Nami nikafanyaje? Nikaisifia krimu. Nilimwonyesha Mama Rehema kopo, naye akaenda kununua la kwake. Reli ilipotengenezwa na honi ikalia tena pale kona, nililia kwa furaha, nikajaza beseni, nikakurudishia sembe na mlenda wa chumvi, ila safari hii nikakununulia kopo kubwa zaidi.

Mkufu ukarudi. Ulianzia mikononi kama mara ya kwanza. Nilikuwa ninakupaka asubuhi, nimekushika mkono, beseni liko karibu na mguu wangu limefunikwa kitambaa, na harufu ya kuku na harufu ya maua zikanijia kwa pamoja. Nikatazama mkono wako, nikatazama beseni. Krimu haikuwa imeachwa hata siku moja. Kilichokuja na mvua kikaondoka na treni kilikuwa humo kwenye beseni. Nilikaa chini hapo hapo. Treni ile ilipita bila mimi, na wenzangu walifikiri nimefiwa.

Nilirudi kwa nesi nikamwambia ukweli wote, na wewe ulikuwepo, ila nilikutuma ukachote maji ili usinisikie. Niliomba radhi, nikangoja anigombeze. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alisema ugonjwa huo unaitwa pelagra, unawapata wanaokula mahindi matupu siku nenda siku rudi, hasa yaliyokobolewa, bila karanga, bila maharage, maziwa wala nyama, na kwamba jua linauchochea ndiyo maana unatokea shingoni na mikononi. Akanipa vidonge. Nilipokuwa naondoka akanishika bega.

"Ngozi haina mdomo, mama," akasema. "Inakula alichokula mwenye nayo."

Tangu hapo chakula chenu kilitoka kwanza, ndipo beseni likajazwa. Unga nikaanza kusaga bila kukoboa, ukalalamika kwamba una makapi. Uwele nao ukarudi nyumbani. Ugonjwa ulipona mpaka ukasahaulika, ukabaki kwenye kifungo tu.

Lakini nilikuacha uamini ni sabuni. Nilikuona unaogopa sabuni, unaogopa jua, unafunga shati, nikanyamaza, kwa sababu kukueleza ingebidi niseme kwamba ni mimi. Kila mwaka nilisema akikua nitamwambia. Umekua, unaondoka, na bado nimeshindwa kukuambia ana kwa ana, nimejificha chini ya kuku. Nisamehe, mwanangu. Hukuzaliwa na ngozi mbaya. Hakuna aliyekuroga. Ulikuwa na njaa, na mama yako alikuwa na chakula.

Ningeweza kuishia hapo na nife na aibu yangu, kama si nilichokiona wiki iliyopita. Ulikuwa unanipokea beseni kichwani. Tangu umalize shule umeuza nami kila treni ili upate cha kuanzia huko Mwanza, na nimejivunia, umerithi sauti yangu. Ulipoinua mikono niliona vifundo vya vidole. Vimekuwa vyeusi, vimekauka, na ngozi inaanza kupasuka. Pengine ni vumbi na jua tu. Naomba iwe hivyo. Lakini nimeanza kukuchunguza. Asubuhi unakunywa chai ya rangi na mkate mkavu. Mchana unasema umeshakula. Nilipokuwekea yai ulilirudisha kwenye beseni, na niliposema kula, ukacheka ukaniambia, "Tukila faida, mama, tutauza nini?"

Sikujua kwamba ulikuwa umelitunza neno hilo. Nilitamani ardhi inimeze.

Ndiyo maana naogopa. Sikuogopei Mwanza, wala wasichana, wala pombe. Hayo mwachie shangazi yako. Naogopa chumba chako cha kupanga, wewe na mwenzako mnajifunza kuchomelea vyuma, mna njaa kutwa, na wewe unajiona mwerevu kwa sababu umepitisha siku kwa chai na ugali mtupu ukaweka akiba. Huo ndio ujanja wangu niliokufundisha, na ni mbaya. Sikutumi ule vya gharama. Mlenda wa karanga ni chakula cha kwetu, maharage yako kila mahali, na huko mna dagaa mpaka wanamwagika. Ila kila ukishika kitu kizuri mkononi ukasikia sauti inakuambia kiuze, kihifadhi, kimpe mwingine, ujue ni sauti ya mama yako wa zamani. Mimi wa sasa nasema kula. Na vile vifundo vikizidi kukauka, au kitu kikitokea shingoni, usinunue kopo lolote. Nenda zahanati, na wakikuuliza unakula nini, usiseme uongo kwa ajili ya heshima yangu wala yako.

Sasa nikuambie habari ya kesho, ambayo wewe unaposoma imeshakuwa ya leo.

Utakuwa umeketi dirishani. Akina mama watakimbilia mabehewa kama siku zote, na mimi nitakuja na beseni langu kichwani, na mikono itatoka nje kuniita, maana wateja wangu wananijua. Nitawapita. Watakasirika kidogo. Wataniuliza kuku huyu bei gani, nami nitawajibu si wa kuuza. Sijawahi kulisema neno hilo kwenye stesheni hii tangu nianze kazi, na nimelifanyia mazoezi leo asubuhi jikoni, baba yako akafikiri naongea na paka.

Nitalitafuta behewa lako na nitakupa kikapu hiki kwa dirishani. Miaka yote nimewapa watoto wa watu wengine mahali hapo. Nitasimama mpaka nikuone unatia tonge la kwanza mdomoni, hata treni ikianza kutembea nitatembea nayo, na kama nitalia usinionee haya mbele ya wenzako, mwambie jirani yako kwamba yule ni mama yangu.

Kwa hiyo sasa hivi, unaposoma, mikono yako ina mafuta. Naona madoa yake kwenye karatasi hii kabla hujaishika. Usiifute mikono kwenye suruali, na usitafute maji.

Fungua kifungo cha juu, Daudi. Jipake shingoni.

Mama yako, wa stesheni